Chupa ya Saba Haikuandikwa kwenye Ripoti

Siku mliponiaga, mkuu wa maabara alisimama mbele ya keki akasema kwamba kwa miaka yangu yote pale sikuwahi kuleta shida. Mkapiga makofi. Nilikula keki nikanyamaza, kwa sababu keki ilikuwa tamu na watu walikuwa wamevaa vizuri. Lakini nilipofika nyumbani, mtaa wa Bondeni, Nakuru, hasira zilinipanda hata nikakaa kitandani na viatu vyangu. Shida nilileta. Nililetea watu shida mara moja, na kosa langu ni kwamba nilichelewa kuileta. Nawaandikia habari hiyo ninyi mliobaki na mashine, kabla mtu mwingine hajawasimulia kwa upole.

Nilianza kazi kwa kuosha chupa. Nilikuwa na cheti changu cha kemia kwenye bahasha ya kaki, nikidhani nitakabidhiwa koti jeupe na darubini. Mzee Ombati, fundi mkuu wa maabara wakati huo, alinipa brashi. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya viatu, na alizungumza kana kwamba kila neno analinunua.

"Osha kwa sabuni. Suuza mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke. Yale ya mwisho usiyamwage. Yapime."

"Nipime maji ya kusuuzia, Mzee?"

"Unapima mikono yako. Kabla hujaambia mtu maji yake ni machafu, hakikisha uchafu si wako."

Ndivyo nilivyofundishwa juu ya chupa ya shahidi. Wenye vitabu wana majina mengine, lakini Mzee Ombati aliiita shahidi, nami sijapata jina bora. Unajaza chupa maji safi kabisa hapa maabarani. Unaibeba mpaka mtoni pamoja na zile zilizo tupu. Unaifungua pale pale upepo uipige, unaifunga, unairudisha, unaipitisha kila mahali sampuli zinapopita. Ukikuta kitu ndani ya shahidi, kitu hicho hakikutoka mtoni. Kimetoka kwako: kwenye glavu, kwenye kifuniko, kwenye mafuta uliyojipaka asubuhi.

Miaka hiyo tulipima kwa orodha. Mtu analeta maji, tunatafuta chumvi, floridi, risasi, vitu tunavyovijua kwa majina. Mizani yetu ilitetemeka kila lori lilipopita barabara kuu, kwa hiyo tulipima huku tumetega sikio barabarani. Mkulima mmoja alileta maji ya bwawa baada ya ng'ombe wake watatu kufa. Tulipima kila tulichoweza, tusipate kitu. Mzee Ombati hakuandika kwamba maji ni salama. Aliandika: tumetafuta hivi na hivi, havimo, hatukutafuta hivi na hivi, kwa sababu hatuna vifaa. Mkulima alikasirika, akasema amelipia ujinga wetu. Mzee alimjibu, "Ndiyo, lakini ni ujinga ulioandikwa vizuri. Mwingine ataanzia hapo." Mimi nilicheka kichinichini. Nilikuwa mchanga. Mzee alistaafu baadaye akarudi kwao Kisii, nami nikarithi brashi, daftari, na kiti chake kibovu.

Kisha ikaja mashine kubwa.

Ninyi mmeikuta, mnaiona kama jiko la nyumbani. Sisi tuliitengea chumba, tukaiwekea umeme wake na hewa yake ya baridi, wakati mafundi wenyewe walikuwa wanatokwa jasho nje. Kazi yake haikuwa ya orodha. Zamani ni kama umetumwa sokoni ukaangalie kama kuna vitunguu. Mashine hii inakutuma ukaandike kila kitu kilichomo sokoni, hata usichokijua jina. Inapitisha maji, inatoa mchoro wenye vilele mamia, kila kilele ni kemikali fulani inayotoka kwa dakika yake. Halafu kompyuta inalinganisha kilele na maktaba yake, inakwambia: hiki kinafanana na fulani. Sikilizeni neno hilo. Kinafanana. Mimi na dada yangu tunafanana, lakini ukimkopesha yeye usinidai mimi.

Mtafiti mmoja akaja na mradi wa kuchunguza maji ya Bonde la Ufa. Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Nitamwita Daktari, maana ndivyo alivyopenda. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa maneno. Alikuwa na haraka tu, na mtu mwenye haraka maabarani ni hatari kuliko tindikali.

Tulikwenda pamoja kwenye chemchemi moja juu ya Gilgil, mahali kundi la akina mama lilipokuwa likimwagilia sukuma, spinachi na dania. Nilichukua chupa sita za maji ya chemchemi. Ya saba ilikuwa shahidi. Chupa zilikuwa mpya, zimetoka kwenye katoni siku ile, na vifuniko vyake vyeusi vina mpira ndani. Mwenyekiti wa kundi, mama mrefu aliyeitwa Mama Shiro, alitupa nduma za kuchemsha na chai, akauliza, "Mtatuambia mkipata kitu?" Daktari akamwambia, "Nyinyi ndio mtakuwa wa kwanza kujua."

Mashine ilipomaliza, kilele kimoja kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kompyuta ikasema kinafanana na dawa ya wadudu iliyopigwa marufuku zamani. Kilikuwa katika chupa zote sita. Nikafungua mchoro wa ya saba. Kilikuwamo, kirefu vile vile.

Niliandika kwenye daftari, nikatia sahihi, nikaenda ofisini kwa Daktari.

"Daktari, kile kilele kiko hata kwenye shahidi."

"Nimeona, Madam Rahab." Hakuinua macho kwenye kompyuta. "Tutakiondoa kwenye hesabu."

Nikaamini. Hapo ndipo dhambi yangu inapoanzia. Ripoti ilipotoka sikuisoma. Nilikuwa na mazoea ya fundi: wangu ni mchoro, maneno ni ya wakubwa. Jina langu lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo, nami nilifurahi nikaonyesha dada yangu.

Wiki chache baadaye Mama Shiro alinijia maabarani. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la mapokezi, amevaa nguo yake ya kanisani, bonge la matope bado kwenye soli ya kiatu. Mkononi alikuwa na chupa ya soda iliyojaa maji.

"Mama, wewe ndiye uliyechota maji yetu?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Redio imesema maji yetu yana sumu. Afisa amekuja, amezungusha waya kwenye chemchemi. Wanunuzi wa Nakuru wanapita na pikapu, wananipungia mkono tu. Sasa niambie wewe uliyechota. Ni sumu gani? Ni kiasi gani? Imetoka wapi, na sisi dawa hatupigi, tunatumia samadi na majivu?"

Sikuwa na jibu la hata moja kati ya maswali hayo matatu. Mimi, mwenye miaka yote ile kazini. Nilimwomba angoje, nikaenda kuchapisha ripoti, nikaisoma kwa mara ya kwanza nimesimama kwenye printa. Iliandika sampuli sita. Ilisema dawa ya wadudu "imetambuliwa". Haikusema kufanana. Haikusema kiasi, maana hatukukipima. Chupa ya saba haikuwamo kabisa. Kana kwamba sikuijaza, sikuibeba kwenye mlima ule, sikuifungua mbele ya yule mama aliyenipa nduma.

Nilirudi nikamwambia, "Nitafuatilia." Neno la ofisini. Alinitazama kama mtu aliyeombwa arudi kesho na ofisi ya nne, akaniachia chupa yake ya soda, akaenda.

Nilimwendea mkuu wa maabara. Alifunga mlango. "Madam, ripoti imeshatoka. Tukianza kuvuta uzi, kila mtu atauliza kazi zetu zote zilizopita. Subiri, mambo yatapoa." Nikasubiri. Sitaki mseme nilikuwa shujaa. Nilinyamaza msimu mzima wa mvua, nikiosha chupa, nikijiambia kwamba fundi hawezi kumsahihisha daktari.

Jumapili moja nilikuwa nakwenda kwetu Longonot kumwona kaka yangu. Nikashuka Gilgil. Sijui kwa nini, labda ni aibu iliyonishusha. Mama Shiro alinikaribisha hata hivyo, maana ndivyo alivyo. Alinipa maji ya kunywa na nilipoyaonja nikaweka kikombe chini.

"Haya ni ya wapi?"

"Ya kisima cha kuchimbwa, kule chini. Yanaletwa na punda. Si mlifunga ya juu?"

Mimi nimezaliwa Longonot. Meno yangu ni ya kahawia, na mnajua sababu. Nusu ya Bonde letu tunatabasamu tukiwa tumefunga midomo. Maji ya visima virefu vyetu mara nyingi yana floridi ya kuharibu meno, na yakizidi na miaka ikizidi, mifupa. Nilichota kidogo, nikarudi nayo. Jumatatu niliyapima kwa kifaa kile cha zamani ambacho hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kukiulizia jina. Floridi ilikuwa juu mno. Nikapima na ile chupa ya soda aliyoniachia, maji ya chemchemi: floridi kidogo, maji mazuri ya kunywesha mtoto.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mpaka siku ile nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ni kitu cha kulala nacho. Tulikuwa tumewatoa watu kwenye maji mazuri kwa jina la sumu ambayo hatukuithibitisha, tukawasukuma kwenye maji yenye madhara tunayoyajua tangu Mzee Ombati akiwa kijana. Na jina langu lilikuwa pale kwenye shukrani.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliagiza kile kitu chenyewe, dawa halisi ya wadudu iliyo safi, ya kulinganishia. Ilichukua miezi kufika, na ilipofika ilikuwa kwenye kichupa kifupi kuliko kidole. Niliipitisha kwenye mashine kwa njia ile ile. Ikatoka dakika tofauti kabisa na kilele chetu. Haikuwa yenyewe. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi moja, na Daktari angeweza kuifanya kabla ya kuita redio.

La pili, nilichukua vifuniko vyeusi kutoka kwenye katoni ile ile, nikavikata mpira wa ndani, nikauloweka, nikapitisha ule mchuzi wake. Kilele kikasimama pale pale, kirefu, dakika ile ile. Sumu ya Gilgil ilikuwa kifuniko cha chupa.

Nilipeleka michoro mitatu kwenye kikao cha Ijumaa. Daktari alikuwapo, na mkuu, na wengine wawili ambao waliangalia simu zao mpaka mwisho. Daktari aliitazama michoro muda mrefu. Nitamsifu kwa hilo, aliitazama.

"Madam Rahab, unajua uchunguzi wa aina hii hauna kiwango kimoja duniani. Kila maabara inaripoti inavyoona. Wengi hata hawaweki shahidi kwenye jarida, hakuna nafasi."

"Kama hakuna kiwango, Daktari, ndiyo sababu ya kuandika kila kitu. Mtu mwenye ramani anaweza kusema tu amefika. Asiye na ramani lazima aseme alipita wapi."

"Nilikusudia kukiondoa. Niliondoa ile chupa badala ya kilele. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli. Niligonga meza. Mimi, ambaye sikuwahi kuleta shida. Kikombe cha mkuu kikaruka.

"Umeondoa shahidi! Kuna watoto wanakunywa floridi kwa sababu ya siku yako ya mwisho!"

Mkuu akasema, "Madam, tupunguze sauti." Nikamwambia sauti nimeipunguza tangu mvua zilipoanza. Nikawaambia wataandika masahihisho wao wenyewe, la sivyo nitayaandika mimi na kuambatanisha kurasa za daftari langu, zenye tarehe na sahihi. Nilitoka nikaenda kuosha chupa.

Masahihisho yalitoka. Aya moja. Yalisema kulikuwa na "hitilafu ndogo ya uwasilishaji". Waya wa chemchemi uliondolewa na afisa mwingine, si yule aliyeuzungusha. Redio haikusema neno.

Tangu hapo ndipo nikaanza ile karatasi mnayoilalamikia. Najua mnaiita "karatasi ya cucu", kana kwamba mimi ni bibi yenu, mnadhani sisikii. Endeleeni kuilalamikia lakini ijazeni. Andika chupa ngapi, za kampuni gani, nani alizibeba. Andika shahidi, na kila kilichokutwa ndani yake, hata kama kinakuaibisha. Kwa kila jina la kemikali, sema unalijua kiasi gani: umelilinganisha na kitu halisi mkononi, au kompyuta imesema kinafanana, au unajua familia yake tu, au una uzito wake na hujui kingine. Usipandishe daraja kwa sababu mwenye fedha anangoja. Hifadhi michoro ghafi mahali mtu mwingine anaweza kuifungua. Na mwisho, mstari ule mnaouruka kila mara: mashine hii, kwa njia hii, isingeweza kuona nini. Ukiacha mstari huo wazi, msomaji ataujaza mwenyewe kwa neno "hakuna".

Sasa niwaambie lililoniuma kuliko kikao.

Mama Shiro aliniomba nije siku ya soko Gilgil niyasome yale masahihisho mbele ya wanunuzi. Nilikwenda. Akina mama walikuwa wamepanga mboga, mbichi, zinang'aa. Nikasoma ile aya kwa Kiswahili chepesi. Nikaeleza kifuniko. Watu walicheka, na nikaona wanaanza kusogea. Mwenye pikapu mmoja, kijana mnene ambaye zamani alinunua karibu shamba zima, akapaza sauti.

"Sasa mathe, kwa hivyo hayo maji hayana kitu? Ni safi?"

Mama Shiro alinigeukia. Soko zima lilinigeukia. Neno lilikuwa moja tu, silabi mbili.

"Ile sumu waliyoitaja haimo," nikasema. "Floridi ni kidogo. Vingine nilivyopima viko sawa. Vipo vitu ambavyo sijaweza kupima."

"Vitu gani hivyo?"

"Ndiyo nasema, sijavipima."

"Aah." Akapanda pikapu. "Mathe, mimi nauzia hoteli. Siwezi kuwauzia 'sijui'."

Akaondoka, na wengine wakamfuata taratibu, kama watu wanaotoka matangani. Mama Shiro alifunga dania zake kwenye gunia. Tulipofika kwake ndipo akaongea.

"Rahab, si ungesema tu ni safi?"

"Ningekuwa mwongo wa pili."

"Daktari alisema asichokijua, soko likaamini siku hiyo hiyo. Wewe umesema unachokijua, soko limekwenda zake." Alibwaga gunia. "Sasa nani amekosea?"

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa, na ninyi mkilipata nileteeni. Alichokifanya ni kung'oa sukuma na kupanda nyasi za ng'ombe. Nyasi haziulizwi zimenywa maji gani. Watoto wamerudi kunywa ya chemchemi, na huwa nayapima kila msimu, napeleka karatasi yote, pamoja na mstari wa mwisho. Yeye ndiye mtu pekee ambaye amewahi kuniomba niusome mstari huo mara mbili.

Mwezi uliopita aliniuliza Daktari anapatikana wapi.

"Unataka kumshtaki?"

"Kumshtaki na nini? Nataka aje hapa nimpikie chai. Kwa maji haya. Akae hapo ulipokaa, anywe, aniangalie."

Jumanne moja nilipeleka mwaliko mwenyewe. Siku hizi ana ofisi kubwa yenye karani. Karani aliingia, akatoka, akasema Daktari anashukuru sana lakini ana shughuli nyingi, labda baada ya kumaliza mradi mpya. Nilimwambia hakuna neno, nitangoja. Nikaketi kwenye benchi mpaka walipofunga. Wiki iliyofuata nikarudi, nikaketi tena. Karani ameanza kuniletea gazeti. Kwa hiyo mkinipigia Jumanne na simu haishikwi, msiwe na wasiwasi. Niko pale mlangoni, na wakati ninao.